Tanuri la Makala Juu ya Runingu

Porini juu ya kijiji cha Runingu, Léocadie alipiga magoti kando ya tanuri la makala, yaani makaa ya miti, akaligusa. Udongo ulikuwa bado na joto. Mdomo wa tanuri ulikuwa umezibwa kwa magome ya mgomba yaliyosukwa kama mkeka ili moshi usitoroke. Runingu nzima, ni wawili tu waliofunga tanuri namna hiyo, kama mama yao alivyowafundisha: yeye na mdogo wake Ernestine. Na yeye kuchoma makala aliacha tangu mafuriko.

Maji yaliteremka siku ile kwenye mlima uliokuwa umenyolewa miti, yakafagia mashamba na nyumba. Ndipo kijiji kilipoapa: mti mbichi haukatwi, wala makala hayachomwi. Kila mtu aingie porini kuokota kuni kavu, uyoga na asali, ila atakayekata, nyumba yake yote inafungiwa pori mpaka msimu mwingine. Léocadie alichaguliwa kwenye komite, na wengine aliwahukumu bila kupepesa jicho. Ilikuwa rahisi, hawakuwa wake.

Jumapili baada ya misa watu walikusanyika kumtafuta mwenye tanuri. Sévère, prezida wa komite, hakupoteza muda.

"Iko Nduwimana tu. Nani mwengine analala mu pori?"

Nduwimana, Mutwa mrina asali, wa jamii ile ya msituni inayodharauliwa, alisimama ameshika kofia mkononi. Kusingiziwa alishakuzoea, na hilo ndilo lililouma. Mizinga yake yote ilikuwa kule. Akifungiwa pori, watoto wake watakula nini?

Léocadie akamtazama Ernestine. Mdogo wake, mjane mwenye watoto, alikuwa amekaa kati ya wanawake, macho chini. Sema mwenyewe, mdogo wangu, nakuomba, Léocadie aliwaza. Ernestine hakuinua uso.

"Muache Nduwimana," Léocadie alisema, akisimama. "Miye namujua mwenye tanuri. Iko ya mudogo wangu, Ernestine."

Nyumba ya Ernestine ikafungiwa pori, na hakuna aliyempongeza Léocadie. Nduwimana alivaa kofia yake, akaenda zake.

Jioni, Léocadie alijitwika mzigo wa kuni kavu, akazunguka nyuma ya nyumba ya Ernestine ili wanakomite wenzake wasimwone, akagonga mlango wa jikoni. Ernestine alifungua. Jiko lilikuwa limezimika, na watoto walikuwa wanatafuna muhogo mbichi.

"Rudisha, yaya," alimwambia dada yake taratibu. "Umenitaja mbele ya watu bote. Usinisaidie kwa kujificha."

Akafunga mlango. Léocadie akabaki pale na kuni zake kichwani, analia.