Mgonjwa wa Chumba cha Kusini

Shemeji yangu Payung alichoma sanamu ya babu yake mwenyewe mbele ya kanisa. Kazi nzuri ya mti wa mfenesi, macho ya mfupa, sura ile ile ya mzee. Aliimwagia mafuta ya taa huku akisoma amri ya pili kwa sauti, na mwaka huo huo wakamfanya mzee wa kanisa. Miaka ishirini alikula sifa ya moto ule. Kila Jumapili ya ubatizo lazima atukumbushe.

Basi mtu huyo huyo akanunua nyati wa kufugwa. Si nyati hivi hivi. Mabaka meupe na meusi, macho ya buluu, wa aina ambayo huku kwetu Toraja watu hupanda mlima kuja kumtazama. Alimwita Bonga. Alikuwa wa mazishi ya mama yake, aliyekuwa amelala chumba cha kusini mwaka wa tatu. Kwetu aliyekufa haitwi maiti mpaka nyati wachinjwe. Anaitwa mgonjwa, na kila asubuhi anapelekewa kahawa.

Payung alimwosha Bonga mara mbili kwa siku kwa sabuni ya kunukia, akamlisha mayai mabichi. Nami nisijitoe: nilijipiga naye picha, nikajivuna sokoni kwamba ni nyati wa kwetu. Aliyeona mapema ni dada yangu Damaris, mkewe. Alikuwa na ulimi, dada yangu.

"Baba Lebang," alimwambia siku moja tunakula, "ukisali unafumba macho. Kwa Bonga hata kupepesa huthubutu."

"Wivu huo, mke wangu."

"Wivu ndio. Mgongo wangu mimi uliusugua lini?"

Tulicheka wote, naye pia. Miezi haikupita mingi, tumbo la Damaris likaanza kuvimba.

Daktari akasema apasuliwe, hospitali ya mjini Makassar, upesi. Hela ya upasuaji ilikuwa imesimama kwenye tope inacheua. Nilimwendea shemeji nikamwambia auze. Akanitazama kana kwamba nimemtukania mama.

"Ukoo utaniweka wapi? Mama yangu aende na vinyati viwili vyeusi, kama mtu asiye na watoto?"

"Mama amekufa, shemeji."

"Chunga mdomo wako. Mama anaumwa."

Nesi wa zahanati, mgeni kutoka pwani, ndiye aliyetuonea huruma. Alihangaika mpaka akapata kitanda cha bure na gari la kumpeleka dada Jumamosi. Payung hatukumwambia. Tulijua ataona aibu mkewe kutibiwa kwa hisani, azuie.

Jumamosi gari lilikuja mapema kuliko tulivyopatana, mimi bado niko sokoni namtafutia dada kanga ya safari. Payung alikuwa kando ya njia anamsugua Bonga. Nesi hakushuka, aliuliza dirishani.

"Mzee, mgonjwa anaendeleaje?"

"Hajambo. Keshakunywa kahawa yake."

"Yuko tayari kwenda?"

"Aende wapi sasa? Anangoja Agosti, watoto warudi."

Nesi akageuza gari.

Damaris aliyasikia yote kitandani, sauti ya kuita hana. Niliporudi alinisimulia akicheka, na kila kicheko kinamkata tumbo.

"Kaulizwa mgonjwa, kajibu mama yake. Hakusema uongo, mdogo wangu. Kichwani mwake mgonjwa ni mmoja."

Nilimpigia nesi simu. Kitanda kilishapewa mwingine, akasema nisubiri wiki mbili. Nilimchukia Payung siku ile, nikainuka nimfuate nje. Damaris akanishika.

"Nikifa usikubali niitwe mgonjwa. Wala asichinjwe nyati kwa jina langu. Nizikeni upesi, mniombee, basi."

Alikufa Jumanne kabla ya saa sita mchana.

Kesho yake mchungaji alikuja, watu wakajaa. Payung alikaa miguuni pa mkewe akilia, na alilia kweli, sitamsingizia. Kisha akafuta macho, akawaambia watu:

"Mama Lebang anaumwa. Tutamlaza chumba cha kusini, karibu na mama. Naye nitamtafutia Bonga wake."

"Shemeji," nikasema, "mgonjwa alikuwepo mpaka jana. Ulimwona?"

Akavuta shuka, akafunika miguu ya mkewe. Mchungaji naye akainamia Biblia yake. Nikawaambia dada yangu amekufa na kesho tunamzika, na vijana wa ukoo wetu wakaenda kuchimba.

Nje Bonga akalia. Jua lilikuwa limepanda, na ngozi ile haivumilii jua. Payung alijikaza kidogo, akabadilisha mkao, akatazama mlangoni. Mwishowe akamwomba mchungaji radhi, akachukua sabuni, akatoka.