Kitenge Juu ya Msalaba

Nilikuwa nimewaahidi watu wawili vitu viwili, na vyote viwili vilikuwa kweli. Shida ilianzia hapo.

Mtu wa kwanza alikuwa bibi mmoja wa Kibelgiji, mwembamba, mwenye kushika funguo za ukumbi wa parokia hapa Ganshoren, Brussels. Mtu wa pili alikuwa mchungaji wetu, Mkongo wa Uvira, ambaye Jumatatu hadi Ijumaa huwaogesha wagonjwa katika hospitali kule Jette, na Jumapili hutuhubiria sisi. Kusanyiko letu lilikuwa limeshafukuzwa mara mbili. Mara ya kwanza tulitolewa kwenye gereji kwa sababu ya unyevu, mara ya pili kwenye chumba cha chini ya jengo kwa sababu ya ngoma, majirani wakaita polisi katikati ya zaburi. Tulikuwa watu sitini na wawili. Mimi nauza vitenge, nimezoea kubishana bei tangu nikiwa na miaka tisa sokoni Bukavu, kwa hiyo walinituma mimi nikatafute mahali pa tatu.

Nikapata ukumbi. Una joto, una vyoo viwili, viti themanini (nilivihesabu, nikarudia, kimoja kina mguu mbovu, basi sabini na tisa). Na ukutani, mbele kabisa, kuna msalaba wa mbao wenye mwili wa Yesu, urefu wake unakaribia kimo changu.

"Kila kitu kilichoko ukutani kinabaki ukutani," bibi wa funguo aliniambia. "Wale waliokuwa hapa kabla yenu waliuteremsha wakauweka nyuma ya mafagio. Nyuma ya mafagio, madame!"

"Hatutauondoa," nikasema.

Nikaenda kwa mchungaji. Akaja, akatazama, akakaa kwenye kiti chenye mguu mbovu, akainuka haraka.

"Maman, bon, ukumbi ni muzuri. Lakini miye siwezi kuhubiri chini ya sanamu. Amri iko wazi."

"Papa pasteur, ni msalaba tu."

"Msalaba ni kazi ile Yesu alimaliza. Haiko mbao. Ule mutu wenye aliingia kwetu na bunduki, alikuwa nao hapa," akagusa shingo yake, "wa dhahabu. Tangu siku ile, nikiuona, sioni Yesu. Namuona yeye."

Niliupima msalaba kwa macho. Nikamwambia: "Hutauona."

Mnaelewa sasa. Kwa bibi niliahidi msalaba hautaondoka. Kwa mchungaji niliahidi hautaonekana. Mfanyabiashara akiuza kitambaa kimoja kwa wateja wawili huitwa mwizi, lakini mimi sikuona mahali nilipoiba. Tulipewa mkataba wa majaribio hadi Pasaka, kisha paroko angeamua kama tunabaki. Bibi aliweka sahihi, mchungaji akaweka, mimi nikaweka kama shahidi. Kila upande ulinishukuru.

Basi kila Jumapili nilifika saa saba, saa nzima kabla ya watu, na ngazi. Ngazi niliiazima kwa jirani yangu wa dukani, Mrundi wa Bujumbura, Mwislamu, anayeuza simu na kadi zake. Wiki ya tatu aliniuliza naipeleka wapi. Nikamweleza. Akacheka hadi akaishika kaunta.

"Mama wa vitenge, sikiliza. Sisi twasema hakusulubiwa kabisa. Nyinyi mwasema alisulubiwa, lakini asionekane. Pole pole tutakutana!"

Kila mara nilipanda ngazi nikiwa na shuka jeupe na vibanio vinne vya nguo. Viwili mkono wa kulia, viwili wa kushoto. Ibada ikiisha, wote wakiondoka, nilipanda tena kuufunua. Nilihesabu vibanio wakati wa kuweka na wakati wa kutoa, kwa sababu kibanio kimoja kikibaki kwenye mkono wa Yesu, bibi angekikuta Jumatatu.

Sijazoea kuwa karibu hivyo na uso wake. Kwa mama yangu nyumbani alikuwa mdogo, juu ya mlango, tulipita chini yake tukienda shule. Mimi nilizaliwa Mkatoliki, nikabatizwa tena hapa Brussels, kwenye bwawa la kuogelea la kukodi, majira yangu ya kwanza ya baridi, kwa sababu watu wa mchungaji huyu ndio walionikuta nimekaa stesheni na begi moja. Sikubadili dini kwa hoja. Nilibadili kwa supu na koti. Kwa hiyo juu ya ngazi, kabla sijamfunika kichwa, nilimwambia kila mara: "Pardon." Kwa sauti ndogo, asije akasikia mtu. Kila nilipoteremka nilitazama mlango kwanza.

Maana kulikuwa na mama. Mama yangu anaishi nami, ana miaka sabini na minne, na kila Jumapili asubuhi anasali misa katika kanisa lile lile lenye ukumbi huo. Baada ya misa wanakunywa kahawa ukumbini, chini ya msalaba ule ule, yeye na bibi wa funguo na wazee wengine. Saa sita wanatoka, saa saba naingia na shuka. Sikumwambia. Yeye aliamini kwamba hatimaye watu wangu wa "kanisa ya makelele" wamekubali kukaa na msalaba.

"Unaona," aliniambia mara moja, akikata vitunguu, "hata pasteur yako amelainika."

Nikasema, "Ndiyo, mama," nikahesabu vitunguu.

Siku yenyewe ilikuwa Jumapili ya Kwaresima, mvua inanyesha. Shuka lilikuwa bado ndani ya mashine ya kufua, limeloa. Saa sita na dakika arobaini. Nikafungua kabati ya mama, nikavuta kitenge cha kwanza kilichokuwa kikubwa cha kutosha. Mikono yangu inajua vitambaa kuliko macho: hiki kilikuwa kile cha rahisi, kilichochapwa upande mmoja tu, upande wa pili umefifia, buluu ya maji. Kilikuwa kimekunjwa mara mbili, upande uliofifia nje. Vizuri kabisa, nikasema, rangi ya kimya. Sikukikunjua. Mimi, ninayekikunjua kila kitenge mbele ya mteja, napima, napima tena! Ukumbini nikapanda, nikasema pardon, nikakibana hivyo hivyo kilivyokunjwa.

Wanaotoka kwetu wameshajua. Kitenge kilichochapwa upande mmoja, kinachokaa chini kabisa ya kabati ya mama Mkatoliki, si cha kupikia. Ni kile cha sherehe za kanisa, kinachochapwa kwa ajili ya jubilei ya parokia, na akina mama wote wanashona sare. Mama alikileta kutoka Bukavu ndani ya begi lake moja.

Wimbo wa pili, kibanio cha mkono wa kushoto kiliruka. Nilikisikia kikigonga sakafu. Nikahesabu: vitatu. Kisha cha pili. Tabaka la juu likachomoka kwenye vibanio vya kulia, likateremka polepole, likafunguka lote hadi karibu na kichwa cha mchungaji, na ukutani pakatokea Bikira Maria. Si mmoja. Nilihesabu kumi na wawili. Nikahesabu tena nikitumaini nimekosea: kumi na wawili, kila mmoja ndani ya duara la nyota, mikono imefunguliwa, na chini yao maneno ya shukrani kwa miaka hamsini ya parokia.

Mpiga kinanda aliendelea peke yake kidogo, kisha akaacha. Mama mmoja nyuma akapaza sauti, "Yesu!" na mpaka leo sijui kama aliomba au alikuwa anauliza yuko wapi.

Mchungaji aligeuka. Akatazama juu. Akanitazama mimi.

"Maman. Hii ni nini?"

"Ni kitenge, papa pasteur."

"Naona kitenge. Donc umenifichia mumoja, umeniletea kumi na mbili?"

Watu wengine walicheka, wengine walianza kuomba kwa nguvu, na mimi nilikuwa nikielekea kwenye ngazi wakati mlango wa nyuma ulipofunguliwa. Mama alikuwa amesahau mwavuli wake. Bibi wa funguo alikuja naye kumfungulia kabati. Walisimama pale wawili, wameloa.

Mama hakumtazama mchungaji, wala watu. Alitazama ukutani, akakitambua kitenge chake.

"Weye mutoto," akasema, na sauti yake ilifika mbele bila kipaza sauti, "unafunika Yesu na kikwembe yangu? Ile ya kunizika?"

Hilo sikulijua. Naapa sikujua kwamba hicho ndicho alichokiweka kwa siku yake.

Bibi wa funguo aliuliza kwa Kifaransa kama leo ndiyo mara ya kwanza. Ningeweza kusema ndiyo. Bei hiyo ilikuwa mezani na ilikuwa nafuu. Lakini mchungaji alikuwa ananitazama, na mama, na watu sitini.

"Kila Jumapili," nikasema. "Ishirini na tatu. Hapana, ishirini na nne, Krismasi nilifunika mara mbili, shuka lilianguka."

Bibi wa funguo akaukaribia ukuta, akasimama chini ya miguu ya Yesu iliyokuwa inachungulia pembeni mwa kitambaa. Akapitisha kidole.

"Ndiyo maana hana vumbi," akasema. "Niliona tangu Novemba kwamba hana vumbi. Nilidhani mnampangusa. Nilimwandikia paroko kwamba hatimaye tumepata watu wanaomtunza." Akachukua mwavuli wa mama. "Alhamisi saa kumi, wewe na mchungaji wako. Paroko ataamua baada ya hapo."

Siku nne. Mama hakusema nami. Alinipikia, akaniwekea sahani, akaenda kula chumbani kwake. Dukani nilikata yadi tano mahali pa sita, kosa ambalo sijawahi kulifanya. Usingizi ulikataa, nikabaki kupanga watu kichwani: familia za Jette zingeweza kusali nyumbani kwa fulani, wa Etterbeek wasingekuja mbali, wazee wangebaki peke yao. Sitini na wawili nikawagawa kila namna, na kila mara walikuwa wanabaki kumi na mmoja wasio na mahali. Jirani yangu aliiona ngazi imeegemea ukutani dukani kwangu. Safari hii hakutania. "Ikiwa mtafukuzwa," akasema, "mimi nauliza pale kwetu msikitini. Sijui watasema nini. Lakini nauliza."

Alhamisi nilikuwa nimeandaa maneno. Nilikuwa na pendekezo la kwanza, la pili, na la mwisho la kurudi nyuma nalo. Mchungaji alifika na sare yake ya kazi chini ya koti, akaniambia mlangoni: "Leo usiseme kitu."

Yeye mwenyewe akamweleza bibi. Akasema hana dharau. Akasimulia habari za yule mtu mwenye bunduki, na dhahabu shingoni. Hakuipamba, wala hakulia. Kisha akasema kwamba kuwadanganya waliotupa mahali ni aibu yake yeye kuliko yangu, kwa sababu hakuwahi kuniuliza nimelipata wapi neno "hutauona". Na kama ni lazima tuondoke, ataondoka, lakini hatahubiri chini ya msalaba ule.

Bibi alizungusha funguo.

"Mume wangu alipokufa, huo ndio niliokuwa nikiutazama," akasema. "Kila asubuhi nikija kuosha vikombe vya kahawa. Siwezi kuuona umewekwa nyuma ya mafagio."

"Naelewa, madame."

"Lakini majuma mawili kabla ya Pasaka sisi wenyewe tunaufunika. Kwa kitambaa cha zambarau. Hamkujua? Mngeniuliza tu!"

Mimi nilijua. Nilikulia humo. Nilikuwa nimebeba ngazi miezi sita na kilichokuwa ndani ya kabati ya sakristia sikukikumbuka hata mara moja, kwa sababu nilikuwa nimeshaamua kwamba wawili hawa hawawezi kukaa chumba kimoja.

Akakileta. Kilikuwa kizito, kizuri, kimeshonwa kwa mkono, ningekiuza ghali. Alitaka kitu kimoja: kila Jumapili aufunike yeye, na aufunue yeye.

Mchungaji alikigusa pembeni. "Pardon, madame. Hii nguo... imebarikiwa?"

Nikafumba macho.

"Hiki? Sijui," bibi akasema. "Kimefuliwa."

"Alors, ça va," mchungaji akakubali.

Paroko alitia sahihi ya mwaka mmoja. Safari hii hawakunihitaji hata kama shahidi. Jumapili saa saba na nusu bibi anapanda ngazi ya parokia, mchungaji anamshikia, wanazungumza habari za magoti na dawa za magoti. Mimi napanga viti. Mchungaji bado hautazami, na bibi bado anamtazama yeye akiwa hautazami. Kila bibi anapochelewa kuteremka, navihesabu viti upya.

Ngazi niliirudisha. Kitenge nilikifua kwa mkono, nikakipiga pasi, nikakipeleka chumbani kwa mama. Alikitandaza kitandani, akavaa miwani, akawahesabu kina Maria kwa kidole. Vibanio vilikuwa vimeacha alama mbili juu ya nyota.

"Siku yangu," akasema, na ilikuwa mara ya kwanza kusema nami tangu Jumapili ile, "pasteur yako atakuja?"

"Atakuja, mama."

"Na mbele yangu kutakuwa musalaba. Wa mbao. Bila nguo juu. Hata yeye akisimama pale."

Mdomo wangu ulishaanza kutafuta namna. Pengine asimame upande wa pili. Pengine maua, maua marefu. Mama aliniona, akaikunja miwani.

"Sitaki yako ya sokoni. Ndiyo ao hapana?"

"Ndiyo," nikasema.

"Sema tena."

Nikasema tena. Kesho yake, kabla ya kufungua duka, nilichukua basi hadi Jette, nikamsubiri mchungaji mlangoni mwa hospitali atoke zamu, nimwambie yeye pia.