Kikombe cha Mpira na Mafuta ya Nyonyo

Saa moja na dakika kumi asubuhi, siku ya Jumatatu, mke wangu alijaza maji kwenye kikombe chake cha mpira akakiinua dirishani. Tone likapenya chini yake likaanguka, kisha jingine.

Tulikuwa tumekitumia Jumamosi.

Uzazi wa nne ulikaribia kumuua, na daktari mmoja wa Iringa alimwonya kwamba akizaa wa tano hatapona. Akampima, akamwandikia kikombe hicho: kinafunika mlango wa kizazi ili mbegu za mume zisipite, na dawa inayopakwa ndani yake inaua zile zinazopenya pembeni. Nilikisoma kikaratasi cha maelezo yake mpaka nikakikariri, lakini kikombe chenyewe sikukiamini. Kitu kinachouzwa kwa kunong'ona kinaweza kuwa kibovu, na mnunuzi asithubutu kulalamika.

Kwa hiyo nilimshuku mwenye duka la dawa la hapa Mbeya tulikokinunua, mzee wa Kihindi. Tulimwendea asubuhi ileile.

"Umetuuzia kilichooza," nilimwambia.

Alikinusa. "Bwana, hiki kinanuka mafuta. Mmekipaka nini?"

"Nyonyo," mke wangu alijibu. "Baridi ya huku inapasua kila kitu. Ngozi ya kubebea mtoto naipaka, mikanda naipaka. Hiki nacho nikiache?"

"Ngozi ilikuwa ng'ombe, mama. Mpira ulikuwa utomvu wa mti. Mafuta yanaula. Osha kwa sabuni, kausha, basi."

"Ungesema siku ile."

"Siku ile ulijifunika khanga mpaka puani, bwana wako anatazama barabara. Ningesema na nani?"

Mke wangu alicheka. Mimi sikucheka. Nilimtaka mzee ajaze maji kikombe kipya mbele yetu, nikakipangusa chini kwa kidole. Kilikuwa kikavu. Hata hivyo nilikigeuza nikakitazama tena.

Kisha tukaanza kungoja. Siku zake za mwezi zilipita bila damu. Akiacha chakula, nilimtazama; akilala mchana, nilimtazama. Alijua, na hakunikemea. Usiku alinisikia nikigeuka kitandani.

Alhamisi moja aliingia kutoka uani, akaketi karibu nami.

"Baba watoto, nimeziona siku zangu. Leo ulale."

Kikombe kipya na tyubu ya dawa vilitugharimu shilingi kumi na tisa. Hasara yetu yote iliishia hapo.