Korido ya Mama

Nyumba ya wazazi wangu iko Kariakoo, upande unaoelekea Gerezani, katika mtaa ambao sasa umejaa maghorofa kiasi kwamba jua linaingia uani kwetu saa sita mchana tu, tena kwa muda mfupi. Zamani ilikuwa nyumba kama nyingine zote za mtaani: baraza mbele, mlango wa mbao katikati, korido inayonyooka hadi uani, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto. Uani kulikuwa na jiko, bafu, choo na kamba za nguo. Baba, aliyekuwa fundi katika karakana ya reli, aliinunua kabla hajaoa. Mama aliletwa humo bibi harusi kutoka Lindi.

Ninapoikumbuka nyumba ile, vyumba vyake havinijii sana. Kinachonijia ni korido. Sakafu yake ilikuwa ya saruji iliyosuguliwa na nyayo mpaka ikang'aa, na ilikuwa ya baridi hata wakati wa joto kali la Januari. Mchana watoto wa wapangaji na sisi wa mwenye nyumba tulijilaza pale kifudifudi, mashavu chini. Mvua ikinyesha tulicheza kombolela humo humo mpaka mtu mzima achoke na kelele atufukuze. Mwezi wa Ramadhani mikeka ilitandikwa kuanzia mlango wa mbele, na kila chumba kilitoa sahani yake. Chumba cha kwanza walipanga mume na mke Wakristo kutoka Kilimanjaro, waliokuwa wakiuza sufuria sokoni. Hawakuwa wakifunga, lakini adhana ikilia walikaa nasi mkekani, na mtori wa ndizi wa yule mama ndio tuliougombania kuliko uji wa mama yetu. Mama alijua, wala hakununa.

Miaka ikaenda. Wapangaji wakahama mmoja baada ya mwingine, wengine wakajenga Mbagala, wengine wakarudi kwao. Baba akafariki. Mama akabaki na vyumba vitupu na madalali waliomjia karibu kila wiki wakitaka kiwanja kwa ajili ya ghorofa. Aliwakaribisha, akawapa maji ya kunywa, akawaambia nyumba haiuzwi, akawaaga vizuri.

Macho yake yalipoanza kufifia, mimi na mume wangu tuliacha nyumba tuliyokuwa tumepanga Tabata tukahamia kwake. Ilikuwa presha ya macho. Daktari alitueleza kwamba uoni uliokwisha kwenda haurudi, na dawa zingesaidia tu uliobaki usiondoke haraka. Uliondoka hata hivyo. Lakini ndani ya nyumba ile usingejua kwamba mama haoni. Alitembea korido nzima kwa mwendo wake wa siku zote, mgongo wa mkono wake wa kulia ukigusa ukuta kidogo tu, kama mtu anayepapasa birika kuona kama chai imepoa. Alijua pale sakafu ilipobonyea karibu na mlango wa chumba cha tatu, alijua kizingiti cha uani kilipopasuka. Wageni walioongea naye barazani waliondoka bila kugundua.

Masika moja aliteleza uani akienda chooni mvua ikinyesha, akavunjika kifundo cha mkono. Usiku ule wa hospitali ulitutosha. Mume wangu akasema choo lazima kiwe ndani, na mimi sikuwa na la kupinga. Ila nyumba ukishaanza kuibomoa, kila ukuta nao unataka kuguswa. Bati zilikuwa zimeoza, kwa hiyo tubadilishe bati. Kuta zilikuwa za miti na udongo zilizopigwa plasta, kwa hiyo tujenge za tofali. Kisha mume wangu, ambaye ni mwalimu na alikuwa na aibu ya kuwapokea walimu wenzake kwenye korido, akasema nyumba haina sebule. Tungevunja ukuta wa upande wa kulia, vyumba viwili vya mbele viungane na korido, tupate sebule pana, tuweke marumaru, mwanga uingie. Chumba cha mwisho kingekuwa choo na bafu.

Tulimweleza mama yote, tukampitisha kila mahali tukimwonyesha kwa mkono wake. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Fanyeni," akasema. "Mtakaoishi humu ni nyie. Mimi hata sioni."

Tukampeleka Buguruni kwa mdogo wake akakae huko kwa muda wa ujenzi. Hakupapenda. Alisema honi za njia panda zinamtwanga kichwani, na kwamba kila mtu nyumba ile anamshika mkono kama mtoto. Kila alasiri alinipigia simu, na swali lake lilikuwa moja: leo wamebomoa nini?

Nilikuwa nasimama barazani kwenye vumbi, nikimsimulia. Siku fundi na wenzake walipoanza kubandua plasta ya chumba cha mbele, rangi za zamani zilitokea tabaka kwa tabaka. Nilimwambia naona ya waridi. Akasema hiyo ilipakwa ulipoolewa wewe. Chini yake bluu. Hiyo, akasema, ni ya Idi baada ya kaka yako kuzaliwa, baba yako aliipaka mwenyewe na akawapaka na kuku. Chini kabisa kulikuwa na chokaa nyeupe, nikamwambia, akasema hiyo ndiyo aliyoikuta alipoletwa, na siku ile ilikuwa bado mbichi, ilimchafua buibui.

Ukuta ulipoanguka, boriti za mikoko zikaonekana, nyeusi na ngumu, shoka likidunda. Akasema fundi asizichome. Nikaziweka uani. Tulikuta pia dirisha lililozibwa, ambalo sikuwahi kujua kwamba lipo. Mama alicheka kwenye simu. Akanieleza kwamba lilitazamana na jiko la jirani, na baba alilizibua na kuliziba mara nyingi kulingana na kama wanaongea na jirani huyo au hawaongei, mpaka siku moja akaliziba wakiwa wamegombana, jirani akahama kabla hawajapatana, likabaki hivyo.

Siku hizo nilizipenda kuliko nilivyodhani. Nafikiri sijawahi kuongea na mama yangu kwa urefu ule, kabla wala baada. Nyumba ilikuwa inavunjwa mbele ya macho yangu, na yeye kule Buguruni alikuwa ananijengea ile ambayo sikuikuta.

Kazi ilipokwisha tukamfuata kwa bajaji. Mume wangu alikuwa amevaa shati zuri. Marumaru yalikuwa meupe, yaking'aa, sebule pana kama ukumbi, feni mpya juu, na alikuwa ameagiza hata udi uchomwe kuondoa harufu ya rangi. Mama alivua viatu barazani. Akaingia, akainua mkono wa kulia kama kawaida yake, akaanza kutembea.

Hatua chache ndani, mkono ukakosa ukuta.

Alisimama. Mkono wake ulibaki hewani, vidole vimefunguka, ukitafuta mbele kidogo, nyuma kidogo. Akajaribu upande wa kushoto, lakini alikuwa amekwisha kugeuka na hakujua tena kushoto ni wapi. Marumaru yalikuwa laini kila mahali, hayakumwambia kitu. Hata sauti zetu, tukimwambia karibu, karibu mama, zilikuwa zinagonga dari na kurudi kwa namna nyingine.

"Mwanangu," akasema polepole, "mmenileta kwa nani?"

Nikamshika mkono nikampeleka kwenye kochi. Mume wangu alienda uani, akakaa huko muda mrefu.

Kuanzia siku ile mama akawa mgonjwa wa kukaa. Kila mtu aliyekuja aliisifu nyumba. Mama naye aliisifu, akiwa ameketi palepale tulipomkalisha asubuhi. Choo kilikuwa karibu, kikavu, salama, na hakukiendea hata mara moja bila kuniita. Akiwa na kiu alisubiri. Barazani hakutoka. Yule mama muuza vitumbua wa mbele ya nyumba, ambaye mama alikuwa akibishana naye kila asubuhi, alikuja kuuliza kama anaumwa. Nilimjibu kwamba amechoka tu.

Tulijaribu tulichoweza. Mume wangu alitaka kufunga mabomba ya kushikia ukutani, mama akakataa, akasema ameishi hospitali siku za kutosha. Mimi nikasema tujenge ukuta upya. Nilikuwa namaanisha. Nilikwisha kumuuliza fundi, naye alisema inawezekana. Mama akanizuia. Ukuta huo, akasema, mtaujenga kwa ajili ya bibi kizee mmoja, na siku akiondoka mtauvunja tena. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayejadili bei ya kitu ambacho hana haja nacho.

Siku moja nilirudi kutoka sokoni nikamkuta yuko chini, magoti na mikono sakafuni, katikati ya sebule. Nikadondosha kikapu. Nilidhani ameanguka. Alikuwa hajaanguka. Alikuwa anatambaa, mama yangu mzima, akipitisha kiganja juu ya marumaru, akitafuta njia ya kwenda barazani. Alijua kwamba nimemwona, kwa sababu nyanya zilikuwa zinabingirika.

"Usilie," akaniambia. "Nisaidie niinuke. Na mwenzio akirudi muite, nina neno."

Mume wangu aliporudi kutoka shule alimwamkia, akaitikiwa, akakaa. Mama akamwambia kwamba sebule yake ni nzuri na yeye hataki aipunguze. Anachotaka ni korido.

"Si ukuta, baba," akasema. "Njia tu. Mguu wangu ujue uko wapi."

Akaeleza. Vunjeni marumaru mstari mmoja, upana wa mtu, pale pale korido ilipokuwa, kutoka mlango wa mbele mpaka kule nyuma, na tawi la kwenda chooni. Mwageni saruji ya kawaida, ya kukwaruza kidogo. Tena mwambieni fundi asiilainishe sana.

Nilimtazama mume wangu. Nilijua alivyoyahangaikia marumaru yale, alivyozunguka maduka ya Gerezani mpaka akapata rangi aliyoitaka, alivyokuwa akiyapiga deki mwenyewe Jumamosi. Aliyatazama kuanzia mlangoni mpaka nyuma. Kisha akauliza kama upana wa mtu ni wa mtu mnene au mwembamba. Mama akasema wa mtu na mgeni wake. Nadhani huo ndio wakati nilipoanza kupumua.

Fundi alipokuja alitushauri tufikirie tena, kwa sababu yatakayovunjika hayataunganika. Mume wangu akachukua nyundo na patasi akavunja la kwanza yeye mwenyewe, mlangoni. Ilimuuma, niliona, wala hakuficha, lakini aliendelea mpaka fundi akamwomba amwachie kazi yake. Mama alikaa kwenye kochi akisikiliza. Kila mara aliinua kidole na kuelekeza, akisema wamepinda, korido haikuwa inapita huko. Walipopima kwa kamba walikuta kweli wamevuta kidogo kuelekea dirishani.

Saruji ilipokauka mama alivua viatu akaipanda. Tulisimama pembeni, mimi mikono imenyooka tayari kumdaka. Alienda taratibu, mkono wa kulia umeinuka, ukipita hewani mahali ukuta ulipokuwa. Akafika nyuma, akageuka, akarudi. Mara ya pili aliushusha mkono.

Siku iliyofuata nilimpelekea chai chumbani nikakuta kitanda kitupu. Nikaangalia chooni, nikaangalia uani. Mume wangu akatoka na povu la sabuni usoni. Tukamsikia kabla hatujamwona. Alikuwa barazani, amevaa khanga yake ya kutokea, akimwambia muuza vitumbua kwamba siku alizokuwa ndani vitumbua vyake vimekuwa vidogo, na asidhani kwamba asiyeona hana mkono wa kupimia. Yule mama alikuwa anacheka huku anamfungashia vya bure.

Mama aliishi nasi miaka kadhaa baada ya hapo, na kila asubuhi alitoka mwenyewe. Alijua wapita njia kwa sauti na wengine kwa kikohozi. Vijana wanaosukuma mikokoteni walipunguza mwendo kumwamkia, naye aliwauliza habari za kwao kwa majina. Alifariki wakati wa kiangazi, kitandani kwake, akiwa amekwisha kuswali alfajiri. Waliokuja kumzika walikuwa wengi kuliko nafasi ya nyumba, na wale wapangaji wa zamani kutoka Kilimanjaro, wazee sasa, walikuja pia. Yule mama wa mtori alivua viatu mlangoni, akaikuta saruji chini ya miguu yake, akainama akaigusa kwa vidole. Kisha akakaa chini pale pale, karibu na mahali mlango wa chumba chake ulipokuwa, wakaja wengine wakakaa naye.

Madalali bado wanakuja. Siku moja huenda watoto wetu watakubaliana nao, na sitawalaumu. Kwa sasa wageni wanaoingia mara ya kwanza huutazama ule mstari wa kijivu unaopita katikati ya marumaru meupe, wakauliza kama fundi alipungukiwa. Mume wangu huwajibu kwamba hiyo ni korido, halafu anawaonyesha pa kukaa.