Patasi Iliyotundikwa

Jirani yangu hapa Shauri Moyo, fundi wa kuchonga wanyama wa mbao, siku hizi hashiki patasi. Ameitundika ukutani tangu hepataitisi C ilipomharibu ini, kwa sababu akijikata kidogo tu, damu haikomi. Amebaki na msasa. Husugua kazi za mafundi wengine huku akipumua kwa nguvu puani, kama mtu anayemeza matusi. Hata akitembea, mfukoni ana kipande cha mti kisichochongwa, anakipapasa kwa kidole gumba. Na nyinyi mnaopita mkimshauri aache pombe, hajawahi hata kuionja!

Juzi nilimsindikiza kliniki. Daktari hakuinua macho. “Mzee, chembe zako za kugandisha damu ziko chini sana. Ngoja zipande, ndio tukuanzishie dawa.” Jirani yangu akamuuliza, “Ni nini kinazishusha?” “Ini lako.” “Na hiyo dawa ni ya kutibu nini?” “Ini.” Mimi nilitaka kuipindua ile meza. Yeye alitoa kile kipande cha mti, akakibwaga mbele ya daktari, akakifokea: “Wewe! Ota shingo kwanza! Ukishakuwa twiga, ndio nikuchonge!”