Ukuta Uliokuwa wa Mama Mkwe

Jumamosi, tarehe 8 Machi. Asubuhi mvua ilitoka ziwani, ikapiga hapa Pasiansi kama nusu saa, ikaacha. Saa nne jua likawaka kama vile hakuna kilichotokea.

Sina hakika kama nitaandika kwa haki, maana mwenye kosa ni mimi, na kalamu ninayo mimi.

Nyumba yetu ni ya zamani, madirisha yalikuwa madogo kama ya stoo. Mchana saa sita tulikuwa tunawasha taa sebuleni. Mwezi uliopita nikamwita fundi, nikamwambia nataka mwanga, nataka mtu akikaa ndani ajione yuko nje. Akabomoa ukuta wa kati ya sebule na jiko. Upande wa ziwa akaweka dirisha kubwa la vioo, na nje yake akamwaga baraza la saruji. Kazi yake ni nzuri, nisimsingizie. Mke wangu naye aliuliza mapema, "Na mama akija?" Nikamjibu, "Mama atafurahi, ataliona ziwa." Nikajiona nimejibu.

Mama mkwe alifika juzi kutoka Magu. Ana kliniki ya macho Jumatatu. Sasa kwetu Wasukuma, kwa wale wasiojua, mkwe hamwoni mama mkwe wake akila, wala yeye hamwoni mkwe. Miaka yote ule ukuta ndio uliotutunzia heshima: mimi sebuleni, yeye jikoni. Nimeishi nao miaka kumi na moja nikidhani kazi yake ni kuzuia mwanga.

Tangu juzi hajala cha maana. Akitengewa, ameshiba. Leo mchana, akiwa amenipa mgongo, hatua tano tu kutoka nilipokaa, alimwambia binti yake:

"Mwambie mkwe nashukuru, nyumba ni nzuri. Kesho asubuhi narudi kwangu."

"Mama, na macho je?"

"Macho yangu yanaona vya kutosha. Humu ndani yanaona mpaka yasiyotakiwa."

Mke wangu akanigeukia. "Mama anasema..."

"Nimesikia."

"Basi na mimi nimefikisha."

Nikampigia fundi. Akacheka sana. "Bosi, hata vumbi halijatulia, unataka ukuta wako? Funga pazia kwanza." Pazia la ukubwa huo hatuna. Nikafunga kamba toka upande mmoja hadi mwingine, nikaanika shuka la kitanda.

Jioni tukatengewa, wao kule jikoni, mimi huku, nimelipa dirisha mgongo. Nikadhani tumepona. Mara nikasikia sahani inasukumwa.

"Mwambie mkwe kivuli chake kinatafuna."

Nikainua macho. Kweli. Jua la kuzama lilikuwa limeingia kwa lile dirisha langu na kunichora mzima mzima kwenye shuka, taya zinapanda, zinashuka, tonge linaingia. Mke wangu alicheka mpaka akakohoa. Mama hakucheka. Au labda alicheka, sikumwona, siwezi kumsemea.

Nikabeba sahani yangu nikatoka. Barazani nilikaa kidogo tu, nikakumbuka kwamba mtu wa ndani analiona baraza lote, na kwamba niliyeagiza hivyo ni mimi. Nikazunguka kona mpaka nyuma ya tenki la maji, nikageuza ndoo, nikakaa. Hapo ziwa halionekani. Unaonekana ukuta wa jirani, na ni ukuta mzuri, hauna dirisha hata moja.

Nikiwa hapo nilimsikia mama akiomba maji ya kunawa upya. Baadaye, kwa sauti ya mtu mwenye kitu mdomoni, akamuuliza binti yake, "Hiyo Jumatatu tunatakiwa tufike saa ngapi?"

Tulikula ugali wa muhogo, sato wa kuchemsha na mlenda. Mama, nimeambiwa, aliongeza.