Tangazo la Tatu

Mimi na mwenzangu tulihitimu chuo cha theolojia pamoja, katikati ya miaka ya tisini, tukapewa daraja la uchungaji siku moja. Mimi nilipangiwa Laini Saba, Kibera, katika kanisa la mabati lililotetemeka kila gari la moshi lilipopita. Yeye alipangiwa Kawangware, kwenye kanisa la mawe ambalo wazee wake wengi walikuwa wenye ploti za kupangisha. Darasani, yeye ndiye aliyetetea kwa ufasaha kutuzidi sote hoja kwamba kanuni za kanisa zipo kwa ajili ya binadamu. Naitaja hoja hiyo mapema kwa sababu mpaka leo sijui niiweke wapi.

Fundi mmoja wa vitanda na mkewe, wenyeji wa Magharibi mwa nchi, waliwahi kusali kwetu kabla ya kuhamia Kawangware, sehemu iitwayo 46, fundi alikopata kibanda cha kufanyia kazi. Walikuwa wamelea watoto mpaka wakaanza kujitegemea, lakini hawakuwa wamefunga ndoa kanisani. Kwa hiyo hawakuruhusiwa kushiriki meza ya Bwana. Kila mkate ulipopitishwa, mama huyo aliinuka akatoka nje kimya, kama mtu aliyekumbuka ameacha jiko likiwaka.

Kisha akaugua. Hospitali ilimrudisha nyumbani ikiwa haina tena la kumfanyia. Nilipomtembelea, aliniambia hana haja ya maombi marefu.

“Nataka meza tu, Pasta. Mara moja. Halafu Mungu afanye yake.”

Kwa kuwa sasa mama huyo alikuwa mshirika wa kanisa la mwenzangu, nilimwendea mwenzangu huyo. Alikubali kuwafungisha ndoa ili mama apewe meza, nami nikamshukuru kwa moyo wote. Ilibaki tu desturi ya kutangaza ndoa kwa Jumapili tatu mfululizo, ili mwenye pingamizi ajitokeze. Nilimwomba aifupishe. Akasema hawezi, ila atahimiza mambo.

Tangazo la kwanza lilisomwa. Juma lile lile, wazee wa kanisa walikaa wakaamua kwamba wachumba waliokwisha kutangazwa hawawezi kulala chini ya paa moja mpaka siku ya harusi. Ndivyo walivyowafanyia vijana wote, wakasema, na kanisa halina upendeleo. Mgonjwa akahamishiwa chumba cha nyuma katika ploti ya mmoja wa wazee, mtaa wa Gatina, akina mama wa kanisa wakipokezana kumhudumia.

Naomba msomaji alitazame jambo hili kama lilivyokuwa. Mwanamke asiyeweza kusimama peke yake aliondolewa kwa mtu aliyejua upande gani ageuzwe ili asiumie, na uji wake uwe mwepesi kiasi gani, ili wawili hao wasije wakatenda dhambi.

Nilimkuta Gatina akiwa ameegemezwa ukutani. Jirani mmoja, mama aliyekuwa akifua mlangoni, hakungoja nikae.

“Pasta, hii kanisa yenu iko na maneno! Watoto wa hawa watu wako na ndevu, na leo ndio mnaogopa watafanya tabia mbaya?”

Mgonjwa akacheka mpaka kikohozi kikamshika. “Waambie hao wazee,” akasema alipopata pumzi, “nguvu ya kufanya dhambi nitaitoa wapi? Wakiwa nayo wanikopeshe kidogo.”

Nilikwenda moja kwa moja kwa mwenzangu. Nilimkumbusha maneno yake ya darasani, neno kwa neno, maana nina kumbukumbu ya aina hiyo inayochosha watu. Alinisikiliza akiwa ameinamisha kichwa.

“Ndugu yangu,” akasema, “wewe washirika wako ni wapangaji. Wakikasirika wanahama. Hawa wangu hawahami. Nikivunja utaratibu kwa huyu, kesho nitamwambia nini kijana wa mzee?”

“Mwambie huyu anakufa.”

“Sote tunakufa,” akajibu, kisha akaona haya, akageuka kunitafutia kiti.

Tangazo la pili likasomwa. Mama alikuwa amekonda zaidi. Siku iliyofuata fundi alifika Gatina mchana, akamkuta amelalia ubavu mbovu tangu asubuhi, kwa kuwa aliyekuwa zamu alikuwa amekwenda sokoni. Hakugombana na mtu. Alimfunga shuka, akambeba mgongoni, akapita naye mbele ya maduka mchana kweupe mpaka nyumbani kwao Arobaini na Sita. Jioni hiyo wazee walifuta tangazo la tatu.

Habari ziliponifikia sikulala. Nilijadiliana na kila kifungu nilichofundishwa: mipaka ya parokia, idhini ya mchungaji mwenyeji, nani anastahili meza na kwa masharti gani. Asubuhi nilichukua mkate na divai nikatembea hadi Kawangware. Niliwabariki wawili hao wakiwa wameketi juu ya kitanda alichokichonga mwenyewe, nikawapa meza wote wawili. Mama aliushika mkate kwa muda mrefu kabla ya kuutia kinywani. Fundi ndiye aliyeuliza, kwa sauti ya mtu anayeomba ruhusa:

“Sasa Pasta, anaweza kulala hapa?”

Alilala hapo siku chache, akafa hapo, mkono wa mumewe ukiwa chini ya shavu lake.

Baadaye niliitwa mbele ya baraza la wachungaji na wazee. Mwenzangu alikuwepo. Waliniuliza ni nani aliyenipa idhini ya kuingia parokia isiyo yangu. Waliuliza kama nilitoa cheti cha ndoa, na kama divai ilitoka katika akiba ya kanisa la Laini Saba. Hakuna aliyeuliza mama alikuwa anaugua nini. Nilipopewa nafasi ya kujitetea niliwaambia tu swali la yule mume, jinsi alivyoliuliza, nikaomba mmoja wao ajibu.

Mwenyekiti alifungia miwani yake katika kasha. Nikamtazama mwenzangu, mtetezi bora wa darasa letu. Alikuwa anatazama dirishani, akingoja, kama wengine, tuombe tuondoke.